Wimbo Msiutafsiri

Siku hizi hadithi za jadi zinatolewa sana katika vitabu vya lugha mbili. Ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza; au Kiingereza juu kwa herufi nene, Kiswahili chini kwa herufi nyembamba, na katikati picha ya sungura aliyevaa suruali. Wachapishaji wanavipenda kwa sababu wazazi wa mjini wanataka watoto wajue Kiingereza upesi. Wafadhili wanavipenda kwa sababu vina neno "utamaduni" kwenye jalada. Mimi pia navipenda, na nikikutana navyo kwa wauza vitabu wa njiani natoa hela yangu. Lakini kupenda kitu si kukinyamazia.

Nimevisoma vya kutosha hadi nikaona jambo moja linalojirudia, nalo linahusu wimbo. Hadithi zetu nyingi, kama ujuavyo ndugu msomaji, haziendi bila wimbo. Msimulizi anafika mahali, anasimama, anaimba, nasi tunaitikia. Sasa hadithi hiyo ikiingia kitabuni katika lugha mbili, wimbo uwe wa lugha gani? Karibu vitabu vyote nilivyosoma vimejibu bila kufikiri: uwe wa lugha ya ukurasa. Kushoto wimbo wa Kiswahili, kulia wimbo wa Kiingereza, basi, kazi imekwisha.

Mimi nasema hapana. Wimbo msiutafsiri. Wala sisemi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu. Nasema kwa sababu ukiutafsiri wimbo, mara nyingi unaiua hadithi yenyewe.

Ngoma ya zimwi

Tuchukue hadithi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ile ya msichana na ngoma ya zimwi. Inasimuliwa katika jamii nyingi za Kibantu, kila mahali kwa namna yake. Mimi naijua kwa bibi yangu mzaa mama, Msambaa wa Lushoto aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi kuliko aliyokaa milimani. Wasichana wanakwenda mtoni kuoga. Mmoja anasahau ushanga wake juu ya jiwe. Wenzake wanakataa kurudi naye, basi anarudi peke yake huku akiimba ili kujipa moyo. Pale jiweni limekaa zimwi. Zimwi linasifu sauti yake, linamwomba asogee aimbe tena, halafu linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo linazunguka kijiji kwa kijiji na ngoma inayoimba. Watu wanastaajabu, wanalipa zimwi nyama na pombe. Siku moja zimwi linafika kijiji cha msichana bila kujua. Linapiga ngoma, ngoma inaimba, na mama aliye kinuni anasimamisha mchi: hiyo sauti anaijua. Zimwi linanyweshwa pombe mpaka linalala, mtoto anatolewa, na ndani ya ngoma wanatiwa nyuki na siafu. Mengine mnayajua.

Bibi alitusimulia kwa Kiswahili. Angefanyaje? Uani tulikuwa watoto wa wapangaji, Mmakonde, Mhaya, Mluguru, na sisi wajukuu wenyewe Kisambaa chetu kilikuwa cha salamu tu. Lakini alipofika kwenye wimbo, Kiswahili kiliwekwa kando. Wimbo ulikuwa Kisambaa mwanzo hadi mwisho, na wote tuliitikia. Yule mtoto wa Kimakonde aliujua kama mimi nilivyoujua, tena sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sasa hebu tuitazame hadithi hii kwa jicho la mhakiki. Inasimama juu ya nini? Inasimama juu ya jambo moja: kwamba zimwi linabeba mgongoni ushahidi wa wizi wake na halijui. Wimbo unamtaja mama, unautaja mto, unautaja ushanga ulioachwa jiweni. Zimwi linausikia kila siku na kuufurahia, kwa kuwa kwake ni kelele tamu yenye faida. Mama anausikia mara moja tu, na anaelewa kila neno. Tofauti ya zimwi na mama ni lugha. Tulipomuuliza bibi kwa nini zimwi halikuelewa, alijibu kwa mkato: "Kwani zimwi ni la kwetu?"

Sasa njoo kwenye kitabu kimoja cha lugha mbili kilichonipitia mikononi. Sitakitaja, maana kosa si lake peke yake. Humo zimwi linazungumza Kiswahili safi, tena cha adabu. Kisha msichana anaimba, kwa Kiswahili hicho hicho, kwamba mama njoo nimo ndani ya ngoma, zimwi limenikamata. Na zimwi, bwana, linacheza! Linatikisa mabega! Zimwi gani hilo lisilosikia linachotangaziwa? Ukurasa wa pili ni hivyo hivyo kwa Kiingereza, ila huko maneno yamepangwa yakawa na vina kama kadi ya Krismasi. Mtoto mwenye akili atauliza swali, na mzazi hatakuwa na jibu. Mtafsiri ametoa msumari mmoja mdogo, na nyumba nzima imelala.

Tunaambiwa kwamba kutafsiri kila kitu ni kumsaidia msomaji mdogo. Hapa kumsaidia kumekuwa kumnyang'anya. Kile ambacho hakielewi kwa maneno ndicho kilichokuwa kimfanye ajue kwamba ndani ya hadithi kuna siri, na kwamba yeye na mama wako upande mmoja, zimwi upande mwingine.

Kurasa mbili zilitoka wapi?

Ni vizuri pia kujua mpangilio huu wa kushoto na kulia tumeurithi kwa nani. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na wamisheni wa UMCA. Mwaka 1870 kitabu chake Swahili Tales kilitoka London, kikiwa na hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Ni hazina, na anayeandika kwa Kiswahili leo asiyekijua ana upungufu. Lakini tujiulize kilifanywa kwa ajili ya nani. Kilimfaa mgeni mtu mzima anayejifunza lugha: anasoma mstari huku, anakwama, anachungulia kule. Hakikufanywa kwa ajili ya mtoto wa Ng'ambo anayesinzia mkekani. Mtoto huyo hakuhitaji ukurasa wa pili, alihitaji nafasi ya kuitikia.

Na Steere mwenyewe alilisikia jambo hili. Katika utangulizi wake alieleza kwamba hadithi za watu huwa na vipande vya kuimbwa ambavyo wasikilizaji wote hushiriki, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo, msimulizi akijaza nyama katikati. Basi mgeni wa mwaka 1870 alitambua kwamba wimbo ni mifupa. Sisi wenye hadithi tumechukua mpangilio wa kurasa zake tukaliacha sikio lake.

Kisichoogopa safari

Msinielewe vibaya. Sisemi hadithi zisitafsiriwe. Hadithi ni msafiri tangu zamani. Katika kitabu hicho cha Steere mna ile ya kima na papa. Papa anambeba kima baharini kwa hila, na katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba sisi moyo tunauacha mtini, turudi tuuchukue. Akifika mkuyuni anapanda juu, haonekani tena. Papa anapombembeleza, kima anamsimulia habari za punda wa dobi: aliponea chupuchupu kuuawa na simba, akadanganywa na sungura akarudi tena, akafa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, je, angerudi?

Hadithi hii si ya Unguja tangu asili. Katika Panchatantra ya Wahindi yumo nyani na mamba, na punda wa dobi yumo pia. Katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu mamba amekuwa kobe. Kwetu amekuwa papa, maana mtoto wa pwani papa anamjua. Mwaka 1901 George W. Bateman akazitoa hadithi za Unguja kwa Kiingereza huko Chicago, katika Zanzibar Tales. Kima na papa wakabaki na majina yao ya Kiswahili, yameandikwa kwa tahajia ya kumsaidia Mmarekani kuyatamka.

Mnaona? Kila lugha ilibadilisha kitu na hadithi haikufa, kwa kuwa inasimama juu ya hila, na hila inaeleweka popote. Kuna mahali hata ilinenepa. Kwa Kiswahili, kusikia ni kuelewa na ni kutii. Tunasema mtoto huyu hasikii, na sikio la kufa halisikii dawa. Basi anapotajwa punda asiye na masikio, mtoto wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, anacheka kabla sungura hajamaliza. Tafsiri nzuri hufanya hivyo: inatafuta mahali ambapo lugha mpya ina nguvu yake yenyewe. Waandishi wenzangu, katika masimulizi badilisheni bila woga. Mamba awe papa, papa awe kobe.

Ila wimbo wa ngoma haufanani na moyo wa kima. Moyo wa kima ni wazo. Wimbo ni sauti, na ndani ya hadithi ile sauti ndiyo kitambulisho cha mtoto. Kitambulisho hakitafsiriwi. Ukibadilisha jina lililoandikwa humo, mwenyewe hapokelewi nyumbani.

Mzee wa Ukerewe

Hapa wengine mtasema: wewe unapiga kelele kwa ajili ya mistari minne ya kilugha. Kilugha! Neno lenyewe linaonyesha tulivyofika. Tuna lugha zaidi ya 100 nchini, na mjini zote tumezifungia katika neno hilo moja dogo, kama vile ni ugonjwa wa kikohozi.

Tumkumbuke Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka na za watoto wao, kazi kubwa iliyojaa mila, methali na maisha ya kisiwa chake. Aliandika ili wanaokua wasisahau. Mswada ukakaa, miaka ikapita. Hatimaye mzee mwenyewe akaitafsiri kazi yake kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Baadaye ikatoka kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, ikachapwa na Mkuki na Nyota. Lugha iliyokizaa kitabu ilikaa mswadani, na lugha za mbali zikala karamu.

Simlaumu aliyechapa Kiswahili. Bila Kiswahili nisingemjua Kitereza kabisa, wala mtoto wa Kimakonde asingekaa mkeka mmoja na Mhaya. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na kimetufanya tuelewane. Lakini angalia Kitereza alivyofanya na majina. Ntulanalwo na Bulihwali hakuyageuza. Kwa Mkerewe majina hayo yanabeba habari za kifo na huzuni iliyoizunguka nyumba ile. Aliyatia katika Kiswahili yakiwa mazima, msomaji ayatamke kwa shida, na shida hiyo imfundishe kwamba ameingia nyumba ya watu. Hivyo ndivyo bibi alivyofanya na wimbo. Hawakujuana, mmoja wa ziwani, mwingine wa milimani, lakini walipofika penye maskani ya lugha yao wote wawili walikataa kusogea.

Na kwa vijana wa mjini jambo hili si dogo. Wengi wetu hatutazungumza lugha za bibi zetu. Tusidanganyane, ndo hivyo. Tumezaliwa Manzese, Temeke, Tandika. Baba kabila hili, mama lile. Nyumbani Kiswahili, mtaani Kiswahili cha kijiweni, ofisini Kiingereza cha kubabaisha. Wimbo wa hadithi ni moja ya sehemu chache ambazo lugha ya jamii bado inaishi midomoni mwetu, tena ikiwa nzima, na sarufi yake na mdundo wake. Kitabu kinachoufuta kwa jina la kumsaidia mtoto kimemaliza hata hicho kilichokuwa kimebaki. Baadaye tutakaa kwenye semina na kulia kwamba lugha zinakufa.

Pingamizi

Najua pingamizi zipo. La kwanza: mtoto hataelewa. Jibu langu ni uani kwetu. Mtoto wa Kimakonde hakuelewa neno, lakini alielewa wimbo, maana bibi hakutuacha hewani. Hakusimama kutufasiria mstari kwa mstari. Alimfanya mama aachie mchi, ageuke, awaambie majirani kwa Kiswahili: huyo ni mwanangu, anasema yumo ndani. Maana ilikuja kwa kitendo, ndani ya hadithi. Hakukuwa na maelezo chini ya ukurasa wala msamiati nyuma ya kitabu. Msamiati nyuma ya kitabu ni makaburi ya maneno. Nani anakwenda huko?

La pili: tutachagua lugha ipi kati ya zote hizo? Ile hadithi ilikotoka. Kama umeipata kwa Mgogo, wimbo ni Kigogo. Kama umeipata kwa Mzaramo, Kizaramo. Tabu inakuja tu kwa mwandishi asiyejua hadithi yake kaipata wapi, na huyo ana deni jingine la kulipa kwanza.

La tatu ni la wachapishaji: lugha hizo haziuzi. Lakini mimi siombi kitabu kizima cha Kisambaa, ingawa kikitoka nitafurahi. Naomba mistari minne. Karatasi ni ile ile.

Tena kuna faida ambayo hawajaihesabu. Katika kitabu cha Kiswahili na Kiingereza, ukiacha wimbo katika lugha yake, hapo kurasa mbili zinakuwa sawa. Kushoto na kulia maneno yale yale. Mtoto anayesoma Kiswahili na mwenzake anayesoma Kiingereza wanafika kwenye wimbo kwa wakati mmoja na kuimba pamoja, na hakuna anayesoma tafsiri. Sehemu nyingine zote za kitabu zinawatenganisha, hiyo moja inawakutanisha.

Kwa wanaoandika

Sasa nanyi mnaokusanya hadithi kwa bibi na babu zenu, na najua mpo, maana miswada yenu tunaisoma hapa. Mambo machache ya kazi.

Wimbo andikeni kama unavyoimbwa, kisha msomeeni aliyeuimba. Akicheka, kuna kosa. Tafuteni na mzee wa pili wa lugha hiyo, kwa sababu sikio la mjini linasikia Kiswahili hata pasipo na Kiswahili, nalo hupenda kunyoosha maneno yasiyopinda.

Onyesheni nani anaimba na nani anaitikia. Neno moja pembeni linatosha: "wote". Bila hilo msomaji mpweke atasoma mwito na kiitikio kama mtu anayejijibu mwenyewe kwenye daladala.

Na wimbo ukirudi, uandikeni tena wote. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Unafika mara ya pili unakuta mabano: wimbo unarudiwa. Bwana we, mtoto ndiyo kwanza anaanza kuushika! Mara ya kwanza anasikiliza, ya pili anadonoa, ya tatu ni wake. Anayekata marudio ili kubana kurasa amekata mahali pale pale ambapo mtoto angeingia.

Msione haya kumtaja aliyewasimulia, kama amekubali. Na mkitunga upya, kwa kuwa haki ya kutunga upya mnayo, badilisheni mto uwe bomba la maji, zimwi liwe konda, kijiji kiwe Buguruni. Msichana na aitwe jina lolote. Ila akishatiwa ndani ya ngoma mwacheni aimbe kwa lugha ambayo mama yake ataijua. Mama bado yuko kinuni, na anasikiliza hiyo tu.